Miaka Yangu ya Kusema Tafadhali Usiguse

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi nikiwa nimevaa sketi ya kanisani, tayari kwa kazi ambayo sikuwa na habari ni kazi gani. Nilitembea kutoka Mbotela, nikavuka Barabara ya Jogoo, nikaingia katika ghala ambalo zamani liliwekwa marobota ya pamba na ambalo sasa, niliambiwa, linawekwa sanaa. Mitaani kwetu hakuna aliyejisumbua kulipa jina jipya. Liliitwa Ghala, na mpaka nastaafu liliitwa Ghala. Ndani niliona kuta nyeupe tupu. Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na turubai moja, yaani kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu, kubwa kama mlango wa gereji, nalo pia lilikuwa jeupe. Halikuwa na hata alama ya penseli.

Mkurugenzi wa kwanza alinikuta nimelikodolea macho. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, suti ya kahawia, mikono nyuma kama anayesimamia mtihani.

"Unaonaje, mama?"

"Ni safi, Bwana Mkurugenzi. Mwenye kulichora atafika saa ngapi?"

Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kaburini.

"Alifika, akachora, akaenda nyumbani," alisema. "Kazi yako ni kuhakikisha hakuna mtu anayemsaidia."

Jioni nilimsimulia mume wangu, Baba Mwende, ambaye alikuwa dereva wa lori. Alicheka hadi akaweka kikombe cha chai chini. "Kwa hivyo wewe unalipwa kulinda ukuta usiibiwe?" Nilikasirika, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo siku nzima.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo, mkiwa na vyeti na simu zinazopiga picha za kila pembe. Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nilitoka kwenye kibanda cha wachongaji karibu na Gikomba, ambako nilikuwa mpiga msasa. Kwetu Ukambani uchongaji uligawanywa: wanaume walichonga, na sisi wanawake tulilainisha. Mchongaji alikuachia sanamu ikiwa na makovu ya tezo, kile kishoka kidogo chenye ulimi uliokingama, nawe ukaanza na msasa namba themanini, ambao ni mkali kama ulimi wa ng'ombe, ukashuka hadi wa mia mbili arobaini, kisha ukapaka rangi ya viatu ya kahawia na kusugua kwa brashi hadi twiga ang'ae. Nimelainisha twiga wengi kuliko walioko porini. Katika maisha hayo kitu chenye makovu kilikuwa na maana moja tu: hakijaisha.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria mateso yangu mbele ya turubai jeupe. Wiki ya kwanza nililionea aibu kwa niaba ya mwenyewe. Wiki ya pili nilianza kugundua kwamba saa nne asubuhi, jua lilipoingia kwa madirisha ya juu, weupe ule uligawanyika. Kulikuwa na weupe wa maziwa, weupe wa unga, weupe wa shuka iliyofuliwa mara nyingi. Brashi ilikuwa imepita kulia, ikapita kushoto, mahali fulani ikasita. Wiki ya tatu nilifika mapema nikasimama peke yangu, na nilipokumbuka saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita na miguu yangu imekufa ganzi. Nilishangaa sana. Sikuwahi kumwambia Baba Mwende.

Mkurugenzi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipa pima maji, kile kifaa kidogo chenye kiputo kinachokuambia kama picha imenyooka, na akanionya nisiamini kiputo peke yake kwa sababu sakafu ya Ghala ilikuwa imeinama. Alinipa glavu za pamba. Alinifundisha kujaza fomu ya hali, ambayo ndiyo roho ya kazi yetu: kila kitu kinapoingia, kinapohamishwa, kinapoguswa au kuharibika, unakizunguka na taa ukaandika hali yake. Taa hiyo huielekezi kwa mbele. Unaishika kando, karibu kabisa na kazi, mwanga ulale juu yake, na hapo kila kovu linainuka. Unasema kwa sauti unachokiona, halafu unaandika ulichosema.

"Kwa nini kwa sauti, Bwana Mkurugenzi?"

"Kwa sababu jicho hudanganya likiwa kimya," alisema. Alikuwa na majibu ya namna hiyo.

Na zaidi ya yote nilifundishwa kusema, "Tafadhali usiguse." Nimesema maneno hayo kwa mabalozi, kwa wachungaji, kwa mheshimiwa mmoja aliyetaka kujua kama samaki wa shaba ana mayai. Nimeyasema usingizini.

Wageni walikuja wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya aina moja. "Hata mtoto wangu anaweza kuchora hii!" Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa adabu na kujibu neno moja: "Mlete." Baba mmoja wa Umoja alimleta kweli Jumamosi, msichana wa miaka sita mwenye riboni. Mkurugenzi alimpa ubao, brashi na rangi zote alizotaka, akamwambia achore kama ile ya ukutani, iliyokuwa na mistari mitatu myeusi tu. Mtoto alifanya kazi kwa bidii, ulimi nje. Alichora nyumba yenye bomba la moshi, kitu ambacho hajakiona Umoja wala mahali pengine popote, na maua mawili yaliyolingana. Baba yake alitazama nyumba, akatazama mistari mitatu, akarudia tena. "Ngumu, eh?" alisema hatimaye, na alirudi mara nyingi baadaye bila mtoto.

Kuna msanii aliyetuletea viatu vya mtumba, mamia, vyote vya mguu wa kushoto, akavipanga sakafuni vikielekea mlangoni. Watu walibishana hadi wakashikana mashati. "Hii ni Gikomba tu, mmeweka taa!" Mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa siri kama namba tisa ya kulia iko stoo. Nilicheka, lakini kila asubuhi nilipofungua mlango na kukuta viatu vyote vile vikinielekea, nilihisi kana kwamba watu wameondoka sasa hivi na mimi nimechelewa kuwaaga. Nilikuwa nasema "poleni" kabla sijawasha taa.

Na yule msanii aliyekaa kitini siku tatu, kuanzia tunapofungua hadi tunapofunga, mbele ya sahani ya pilau, bila kula wala kusema neno? Nilifanya kosa la kumtaja kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Siku ya tatu wakaja kumi na mmoja kutoka Mbotela, wamejifunga leso, wakamzunguka. Walidhani ni mtu aliyekata tamaa. Wakamwombea kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wakamwekea chapati mbili za moto mapajani. Nilikimbia kumwita Mkurugenzi.

"Niwatoe?"

Alisimama mlangoni akatazama. Yule mtu alikuwa bado hajasogea, lakini machozi yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni. "Ukiwatoa," Mkurugenzi alisema polepole, "nitakutoa wewe."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba sikuhitaji kuelewa. Nilihitaji kusimama hapo, mikono nyuma. Niliheshimu kila kitu kilichoingia Ghalani kwa sababu sikukijua, na kwa miaka kumi na miwili sikukosea hata mara moja. Mkurugenzi wa kwanza alistaafu akaniachia pima maji lake. Akaja Mkurugenzi wa pili, binti wa umri wa mwanangu Mwende, raba nyeupe, maneno ya haraka, ambaye aliniamini kuliko nilivyostahili.

Sasa niseme kosa langu, maana nisipolisema, haya mengine yote ni majigambo.

Tulikuwa tunafungua maonyesho kesho yake. Asubuhi aliingia Muthama, msanii wa miaka kama thelathini kutoka Ziwani, akisukuma mkokoteni mwenyewe. Juu yake kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa blanketi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sasa, mathe."

"Salama, baba. Umechelewa."

"Najua, manze. Lebo bado iko kwa printa, wacha nikimbie. Saa kumi niko hapa."

Tuliinua kazi tukaiweka kwenye sanduku jeupe la kusimamishia sanamu, akaondoka mbio. Nikafungua blanketi. Ilikuwa muhugu, mti wetu, ule mwekundu wenye harufu tamu: mwanamke ameketi, mikono mapajani, leso mabegani. Sura nzuri, shingo nzuri. Na kuanzia juu hadi chini, makovu ya tezo. Nilichukua fomu nikaandika kwa mkono wangu, "Mbele na nyuma, alama za tezo, haijapigwa msasa." Nikatia sahihi.

Halafu nikaketi nikaitazama, na moyo ukanihurumia. Nilikuwa nimeona vijana wangapi wakija na picha mbichi siku ya ufunguzi, wakiomba feni? Huyu, nilijiambia, ameishiwa na siku. Kesho watakuja watu wakubwa waone kazi ya Mkamba ikiwa na makovu, nasi wanawake wa vibandani tuchekwe. Nilimpigia simu mara mbili, haikupatikana. Mkurugenzi alikuwa mjini. Msasa ulikuwa stoo, wa kulainishia masanduku yetu, na rangi ya viatu ilikuwa kwenye droo yangu.

Turubai jeupe nisingeligusa hata kwa bunduki. Viatu vya kushoto nisingevisogeza. Lakini hii niliijua. Nilivua glavu.

Nitakuwa mkweli: ilikuwa furaha. Nilianza na paji la uso, namba themanini, na unga mwekundu ukaanguka mapajani mwangu na harufu ya muhugu ikajaa Ghala zima, harufu ya ujana wangu. Nilishuka kwa mashavu, shingo, ile mikono miwili mapajani. Nilikuwa nikiimba. Nikapaka rangi, nikasugua kwa brashi, na yule mwanamke akang'aa kama ametoka kuoga. Saa kumi kasoro nilikuwa nimemaliza mbele yote. Nilikuwa naizunguka kuanza mgongo ndipo mlango ukafunguka.

Muthama alikuwa na lebo mkononi. Alinusa kabla ya kuona.

"Nani ameishika?"

"Mimi," nikasema, nikitabasamu, Mungu anisamehe. "Nimekumalizia, baba. Umebaki mgongo tu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka lebo juu ya sanduku nikaisoma: *Mama. Muhugu. Ilichongwa na baba yangu. Imeachwa pale alipoachia.*

"Mathe, hii si yangu," alisema. "Ni ya mzae. Alikuwa anaichonga nyumbani, akafa iko hivyo. Mimi sijaigusa. Hata vumbi sijapanguza. Zile alama ndio zilikuwa yeye." Kisha akaketi sakafuni akaufunika uso.

Nilikuwa na unga mwekundu kwenye kucha, na unga ule ulikuwa baba wa mtu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mkurugenzi wa pili alirudi akatukuta hivyo. Aliuliza, akajibiwa, akabadilika rangi. Aliongea polepole kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama Mwende, niachie funguo."

Nilizitoa kwenye mkanda nikaziweka mezani. Sikujitetea. Nilichukua mkoba wangu, nikafika mlangoni, nikasimama. Fomu ilikuwa bado mezani ikisema uongo, na chini yake kulikuwa na sahihi yangu. Kazi ikiharibika, fomu hujazwa na aliyekuwa nayo, hata kama ndiye aliyeiharibu. Huo ndio utaratibu, na sikutaka kuondoka nikiwa nimeuvunja huo pia.

"Niruhusuni nijaze hali," nikasema. "Nikimaliza nitaenda."

Nikavaa glavu, nikachukua taa, nikaanza kuzunguka nikisema kwa sauti kama nilivyofundishwa. "Uso, umepigwa msasa, umepakwa rangi. Alama zimefutika. Shingo, hali kadhalika. Mikono, hali kadhalika." Muthama alikuwa bado sakafuni. Nikafika nyuma. "Mgongo, haujaguswa. Bega la kulia, alama za tezo. Kina kifupi. Zimerudiwa rudiwa. Zimelala upande wa..."

Nikasogeza taa karibu zaidi. Nikavua glavu, nikapitisha kiganja hewani bila kugusa, nikifuata mwelekeo wa yale makovu.

Tezo huacha kovu kama alama ya kijiko kwenye ugali. Upande mmoja ni mzito, ambapo ulimi umeingia, na upande mwingine ni mwepesi, ambapo umetoka. Mtu wa mkono wa kulia makovu yake hulala namna moja maisha yake yote. Nimepitisha vidole juu ya makovu hayo miaka mingi, naweza kuyasoma gizani. Mbele, kabla sijaharibu, yalikuwa ya mkono wa kulia. Vidole vyangu vilikumbuka. Haya ya mgongoni yalilala kinyume.

"Muthama," nikasema. "Babako alikuwa mashoto?"

"Zi," alisema bila kuinua kichwa. "Mzae alikuwa wa kulia."

"Hapa hakuwa wa kulia."

"Unasema nini?"

"Njoo uone. Mbele alichonga kwa kulia, kwa nguvu, pigo moja kwa kila kovu. Huku nyuma ni kushoto. Ona hili, amelipiga mara nne mahali ambapo moja ingetosha. Huyu ni mtu anayejifunza upya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekataa, naye hakuacha."

Aliinuka. Nikashika taa, naye akatazama, kovu baada ya kovu, kutoka bega hadi kiunoni. Kadiri tulivyoshuka ndivyo mapigo yalivyokuwa yakinyooka. Chini kabisa, karibu na kiti, kulikuwa na makovu matatu safi, moja kwa kila pigo. Yule mzee alikuwa ameuweza mkono wa kushoto.

Muthama alianza kuongea, si na mimi hasa. "Alikuwa anaweka mkono kwa mfuko wa koti. Kila saa. Kanisani alikuwa anasalimia watu na kushoto, wanasema huyu mzee amekosa adabu siku hizi. Mathe yangu alimgombeza mbele ya watu. Wakanuniana wiki mzima. Manze, hakusema. Hakuna mtu alijua." Akalia, safari hii kwa sauti, na Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alielekea dirishani akajifanya anaangalia kufuli.

Mimi nilishikwa na woga ule wa kanisani. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na miwili nikistaajabia weupe na viatu, na kumbe maajabu yalikuwa kwenye kitu nilichodhani nimekimaliza nikiwa msichana. Kama Muthama angechelewa saa moja tu, ningekuwa nimelainisha na huo mgongo, nikiimba. Mtu huyo angekuwa amepigana vita vyake vyote bila shahidi.

"Igeuze," Muthama alisema hatimaye.

Tukaigeuza sote watatu. Mgongo ukaelekea mlangoni, uso uliong'aa ukaelekea ukutani. Nikajaza fomu hadi mwisho, nikatia sahihi, nikaondoka. Asubuhi nilirudi kuchukua kikombe changu nikakuta funguo pale pale nilipoziacha, na karibu nazo pima maji langu. Mkurugenzi hakuinua macho. "Picha ya tatu imeinama, Mama Mwende," alisema. "Na msasa nimeufungia ofisini kwangu." Uliwekwa huko hadi nilipostaafu. Kila nilipohitaji kulainisha sanduku nilienda kuuomba kama mgonjwa anayeomba dawa.

Maonyesho yale yalizua kelele kama kawaida. Watu walitaka kujua kwa nini sanamu imefichwa uso. Wengine walisema ni dharau kwa wanawake, wengine wakasema ni siasa. Bwana mmoja mwenye skafu alieleza kundi zima kwamba ni kuhusu mji unaotupa mgongo, na kwa kweli alieleza vizuri. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma, nikisema tafadhali usiguse. Muthama hakubadilisha lebo. Kwa mwaka mzima aliniamkia bila kunitazama. Mwaka wa pili aliniuliza hali ya Mwende. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuwahi kumwomba aseme.

Nilistaafu mwaka jana. Walinifanyia keki, na Mkurugenzi wa pili, ambaye sasa ana mvi mbili, alinirudishia msasa wangu umefungwa riboni, watu wakacheka sana. Siku hizi ninaishi Umoja kwa Mwende, katika nyumba iliyoongezwa vyumba hadi ikafika barabarani. Magoti yangu yamechoka na sakafu ya saruji. Mkiniomba niwaachie neno la busara, sina, ila hili: kitazameni kwa makini zaidi kile mnachofikiri mnakijua. Kigeni kitajilinda chenyewe, kwa sababu mnakiogopa.

Mwezi uliopita Muthama alinipigia simu. "Mama Mwende, mwaitu anataka kukuona." Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Nikaenda Ziwani na kilo mbili za sukari, nikiwa na hofu kama ile ya siku ya kwanza kazini. Mama Muthama ni mjane mdogo wa mwili, macho yake yamefifia, na alinikaribisha kwa mikono miwili. Sanamu ilikuwa sebuleni juu ya stuli, karibu na dirisha, uso ukutani kama tulivyoiacha Ghalani.

"Wewe ndiwe uliyenilainisha uso," alisema. "Asante. Sijawahi kuwa mzuri hivyo." Alicheka, nami nikashindwa kucheka. Kisha akasema, "Na wewe ndiwe uliyemwambia mwanangu habari ya mkono."

"Ndiyo, mama."

"Nilimgombeza juu ya mkono huo. Nilikaa wiki nzima bila kumsemesha. Naye wiki hiyo alikuwa nje ananichonga."

Akainuka, akaenda hadi kwenye stuli, akainua mkono wa kushoto akauweka kwenye bega la sanamu, akaushusha polepole hadi kiunoni, kama anayemfuta mtu vumbi. "Kila asubuhi namsalimia hivi," alisema. "Kwa mkono wake."

Nilisogea. Sikuhitaji taa, jua la dirishani lilikuwa limelala juu ya mti. Bega lilikuwa laini. Yale makovu yaliyorudiwa mara nne yalikuwa yamebaki vivuli tu, na kiunoni, pale palipokuwa na makovu matatu safi, mti ulikuwa umeanza kung'aa. Hakuna msasa uliopita hapo, wala rangi ya viatu. Miaka ya asubuhi ilikuwa imepita hapo. Miaka michache tena na hakuna mtu atakayeweza kusoma chochote.

Maneno yalinifika mdomoni. Nimeyasema maisha yangu yote ya kazi, yanajitoa yenyewe. Mama Muthama aligeuza uso wake kwangu akingoja, mkono wake ukiwa bado pale.

Niliyameza. Nikaweka mkoba chini, nikainua mkono wangu wa kushoto, nikauweka kando ya wake.